Hija ya Samaki

Kajuju hakusema uongo, na hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Mwongo anaweza kulitafuta neno alilolipotosha akalirudisha mahali pake. Yeye aliyapitia maneno yake moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa la kweli. Mama yake alimwuliza likizo ya mwezi wa Oktoba ataitumia wapi, akajibu kwamba anakwenda Misri. Akaulizwa Misri kuna nini, akasema kuna Bahari ya Shamu. Mama Karwirwa akakiweka chini kikombe cha chai, akauliza kwa sauti ya chini kama ndiyo ile bahari ya Musa. Kajuju akasema ndiyo, ni ile ile.

Mama Karwirwa akalia. Hakulia kwa kelele, kwa maana hajawahi kuwa mwanamke wa kelele; alishika upindo wa leso, akajifuta macho na kusema kwamba Mungu hujibu hata akichelewa. Tangu baba yake azikwe, Kajuju, ambaye alifanya kazi katika maabara ya hospitali mjini Embu, alikuwa akija nyumbani Kinoru siku za sikukuu na kubaki jikoni wenzake wakienda kanisani. Mama yake hakuwahi kumgombeza kwa hilo. Alimwombea tu, kila asubuhi, kwa jina lake kamili. Na sasa mtoto aliyeshindwa kuvuka barabara aingie kanisani ameitwa mpaka nchi ya Farao. Kinamama kadhaa wa kanisa lile waliwahi kwenda hija Yerusalemu. Walikwenda kwa kundi, wakarudi na chupa za mafuta ya zeituni, na tangu siku hizo hakuna mkutano uliofunguliwa bila wao kuombwa kusema neno. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekwenda peke yake.

"Peke yako," alisema Mama Karwirwa, na neno ambalo kwa kawaida humtia mzazi wasiwasi, siku hiyo lilikuwa na utukufu kinywani mwake. "Kama Musa mbele ya kijiti."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Kajuju akanywa chai.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Huko Bahari ya Shamu kuna boti kubwa ambazo watu hulala ndani yake kwa juma zima, bila kukanyaga nchi kavu, wakihamishwa kutoka tumbawe moja hadi jingine. Kila siku wanashuka majini mara tatu au nne, wakiwa na mtungi wa hewa mgongoni, wanaogelea polepole kandokando ya kuta za matumbawe, wanatazama samaki, kisha wanapanda juu, wanakula na kulala. Kazi yao ni hiyo tu. Hawawavui samaki hao wala hawawali. Hakuna anayeumwa wala anayeoa wala anayezikwa. Kajuju alikuwa amejipangia kwenda huko peke yake, miongoni mwa watu ambao hajawahi kuwaona, kwa sababu moja ambayo hakuna mtu wa miteremko ya kahawa anayeweza kuitoa mbele ya mama yake bila kuinamisha kichwa, nayo ni kwamba alipenda.

Watu wa kwao wanajua likizo ni ya nini. Likizo ni ya kuchuma kahawa, ya kuezeka banda la ng'ombe, ya kumpeleka mzee kliniki, ya kukaa na msiba. Mama Karwirwa alikuwa amechuma kahawa akiwa na Kajuju mgongoni, na alichuma hata baada ya magoti yake kuanza kumkatalia. Kumwambia mtu kama huyo kwamba mwanamke mzima wa miaka thelathini na saba, asiye na mume wala mtoto wa kumfanyia kazi, atavaa vazi la mpira linalombana kama ngozi ya pili na kuzama ili aone samaki, kulikuwa sawa na kumwonyesha magoti yale na kusema: yalichakaa ili mimi nikatazame samaki.

Hata hivyo alipenda. Miaka kadhaa nyuma wafanyakazi wa hospitali walikwenda Pwani kwa mapumziko, na wenzake walipokuwa wakipigana picha ufukweni, yeye alimwendea mwalimu wa kupiga mbizi akaomba ajaribu. Alishuka kwa woga. Huko chini aligundua kitu ambacho hakuwa amekijua duniani: hakuna aliyemwita. Maabarani aliitwa siku nzima, majibu ya damu, majibu ya mkojo, Kajuju, yako wapi majibu ya wodi ya watoto. Nyumbani aliitwa vivyo hivyo. Chini ya maji alisikia pumzi yake mwenyewe tu, ikiingia na kutoka. Alirudi Pwani mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo, akafanya mitihani, akapata cheti cha kwanza na cha pili. Nyumbani alisema ni mafunzo, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Safari ya Misri aliipanga kama apangavyo vipimo, bila kuacha kitu kwa bahati. Alimwandikia meneja wa boti kwa majuma kadhaa. Aliuliza kama msafiri wa peke yake anapokewa, maana boti nyingi huuza chumba kwa watu wawili wawili. Akajibiwa kwamba atawekwa chumba kimoja na mwanamke mwingine aliyekuja peke yake pia. Meneja naye akataka kujua amekwisha kushuka majini mara ngapi, na kama amewahi kupambana na mkondo mkali. Kajuju akajibu kwa unyofu kwamba hajawahi, na kwa sababu hiyo akachagua njia ya kaskazini ambayo maji yake ni matulivu zaidi, akaiacha ile ya kusini ambayo wenye vyeti vingi huisifu. Alipanga kufika siku moja kabla, ili mizigo ikichelewa asiachwe bandarini. Alipanga pia kukaa siku nzima nchi kavu baada ya mbizi ya mwisho, kwa sababu mzamiaji hatakiwi kupanda ndege damu yake ikiwa bado na hewa ya kule chini. Daktari alimpima mapafu akasema ni mazima. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa neno moja.

Nalo neno hilo, kwa kutosemwa, lilizaa mengine. Mama Karwirwa alimpigia simu kila mtu. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatangaza, na Jumapili nyingine akatangaza tena kwa ajili ya waliokosa. Mchungaji Bundi alimpigia Kajuju mwenyewe na kumwomba, akirudi, awape vijana ushuhuda juu ya safari ya wana wa Israeli. Kajuju akasema asante, Mchungaji. Alipokata simu aliona aibu imempanda mpaka masikioni, akaenda kunawa uso kwenye sinki la maabara kama mtu aliyemwagikiwa na dawa.

Tena ilikuwa imekwisha kupangwa siku ya kumbariki, Jumapili ya mwisho kabla ya kuondoka. Katika kanisa lile msafiri wa mbali haachwi aondoke kimyakimya. Anasimama mbele, kinamama wanamzunguka, wanamfunika leso mabegani, kila mmoja anaweka mkono juu yake, na mwombaji wa mwisho huwa ni mama yake mzazi, kwa kuwa mwenye haki ya kuifungua njia ni yule aliyemleta mtu duniani. Bibi yake Kajuju, aliyemwachia jina hilo, alikuwa akisema kwamba baraka iliyochukuliwa kwa hila haifiki mbali na mtu. Humwacha njiani ikarudi kwa aliyeitoa, na ikirudi hairudi kama baraka. Kajuju, msomi wa maabara, hakuyaamini maneno hayo. Lakini kila alipoufikiria mkono wa mama yake juu ya kichwa chake, aliyakumbuka.

Watu wawili tu walijua. Kajuju alikuwa amepanga chumba katika ua wa Jamilah, mjini Embu, ambaye yeye na mumewe Jamaldin walikuwa na bucha karibu na soko. Jamilah hakuwa mtu wa kuficha alichofikiri. Siku ya Ijumaa Kajuju alipopita kununua maini ya kuwapelekea watu wa nyumbani, alimkuta akipima nyama, na kabla hata hawajasalimiana vizuri akaulizwa kama amekwisha kusema.

"Bado," alisema Kajuju.

"Basi keshokutwa utaombewa kwa jina la Musa, uende ukatazame samaki. Dada, una moyo mgumu kuliko Firauni."

Jamaldin akacheka nyuma ya kigogo cha kukatia nyama. Kajuju naye akataka kucheka, akashindwa. Alisema hajui aanzie wapi, kwamba mama yake ana furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba wa baba, na kwamba kuiondoa furaha hiyo sasa ni ukatili. Jamilah alimsikiliza huku akiyafunga maini. Kisha akamsimulia juu ya baba mkwe wake. Mzee huyo, kabla ya kwenda Makka, alizunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, akiomba radhi. Alikwenda hata kwa mtu waliyenuniana naye muda mrefu kwa sababu ya mbuzi aliyekuwa amekwisha kufa zamani. Alisema kwamba anayeondoka na kinyongo cha mtu huenda nacho kichwani, akizunguka nacho kila azungukapo.

"Kwetu mtu haendi hija mpaka amewaomba watu msamaha," alisema Jamilah. "Yako wewe ni hija ya samaki, lakini watu ni wale wale."

"Si hija, Jamilah. Ni likizo."

"Sasa si umwambie hivyo hivyo? Li-ki-zo. Limekushinda kutamka nini?"

Kajuju akaahidi kwamba atasema Jumamosi, atakapokuwa peke yake na mama yake.

Lakini Jumamosi hawakuwa peke yao hata kidogo. Alipofika Kinoru alikuta kuku wawili wamekwisha kuchinjwa, sufuria za watu zimeazimwa, na kinamama wanamenya ndizi uani. Walimpisha kama mgeni. Wale wale waliokuwa wakimtania kwa kutoolewa sasa walimwita mtumishi, na mmoja alimkataza asiinue ndoo ya maji, eti mikono yake ina safari. Kajuju aliiinua ndoo hiyo kwa haraka kama mtu anayeiba.

Baadaye akaja Nyanya Gatakaa, jirani yao, akitembea kwa fimbo. Mwaka ule kinamama walipokwenda Yerusalemu, yeye naye alikuwa katika kundi. Nyonga yake ikavunjika majuma machache kabla ya safari, akawasindikiza wenzake hadi langoni pa kanisa akiwa ameketi kwenye kiti. Tangu hapo hakuizungumzia tena Yerusalemu. Jumamosi hiyo aliketi karibu na Kajuju, akamshika mkono, akasubiri wengine wapunguze maneno.

"Ukifika pale, mwanangu, simama majini uniite jina," alisema. "Gatakaa. Uite kwa sauti, Mungu asikie kwamba na mimi nilifika."

Kajuju akaitikia kwa kichwa. Mama yake, aliyekuwa akiyasikia hayo kutoka mlangoni, aligeuza uso ili watu wasimwone akijifuta tena macho.

Jioni, jikoni, Kajuju alijaribu. Alisema kwamba huko Bahari ya Shamu atakuwa akikaa kwenye boti. Mama Karwirwa, bila kuinua macho kutoka kwenye chungu, akajibu kwamba bila shaka, kwani ataitembeaje bahari kwa miguu ilhali yeye si Musa. Kinamama waliokuwepo wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu. Kajuju akacheka nao. Kicheko hicho kilimwuma baadaye kuliko yote aliyokuwa ameyafanya, kwa sababu mengine alikuwa ameyanyamazia tu, lakini hapo alishiriki.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji Bundi alihubiri juu ya kuvuka. Halafu akamwita Kajuju mbele, na kinamama wakatoka mabenchini wakamzunguka, wakamfunika leso mpya yenye rangi ya zambarau waliyokuwa wameichangia bila kumwambia. Aliuhisi uzito wa mikono mabegani na mgongoni. Nyanya Gatakaa aliletewa kiti ili naye afike, akaweka mkono wake kwenye kiwiko cha Kajuju, mahali pekee alipoweza kufikia. Wimbo ukaimbwa. Sala zikatolewa, moja baada ya nyingine, kwa Kimeru, kila moja ikimtaja Farao, maji yaliyosimama kama ukuta, na binti wa Karwirwa anayekwenda kuona kwa macho yale ambayo wao wameyasikia kwa masikio. Mwishowe mama yake akamwekea mkono juu ya kichwa.

Kajuju aliuhisi uzito wa mkono ule, na hapo akajua kwamba hawezi kuipokea baraka hiyo.

"Mama, ngoja," alisema. "Usinibariki bado."

Mama Karwirwa akadhani ni unyenyekevu, akatabasamu. Kajuju akasema tena, sasa kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia.

"Siendi hija. Ninakwenda likizo. Nitalala kwenye boti na wageni, na nitapiga mbizi, nitazame samaki. Hakuna zaidi. Niliwaacha mkadhani hivyo kwa sababu niliona aibu."

Mikono ilikuwa bado juu yake, kwa maana hakuna aliyejua kama inafaa kuitoa. Kisha kutoka safu za nyuma sauti ya mwanamke ikasema, si kwa kunong'ona vya kutosha, kwamba samaki wako hata kwenye kidimbwi cha Mwaniki hapo jirani, tena huko hawaombi pasipoti. Watu wakacheka, wengine kwa kujizuia na wengine bila kujizuia. Ndipo mikono ikaanza kuondoka, mmoja mmoja. Wa mama yake ndio uliokuwa wa mwisho kuondoka. Haukuondoka kwa hasira. Uliinuka polepole, kama mtu anavyoinua mkono kutoka kwenye kitu alichokigusa kimakosa dukani.

Mchungaji Bundi alikohoa, akasema kwamba ukweli ni ukweli hata ukija umechelewa, akawaomba watu wasimame kwa wimbo wa kufunga. Kajuju alipiga magoti mbele ya kiti cha Nyanya Gatakaa. Alimwambia kwamba jina lake ataliita hata hivyo, kwa sauti, kama alivyoomba, kwa kuwa bahari ni ile ile.

Gatakaa alimtazama bila ukali.

"Hapana," alisema. "Usiniite. Sikutaka kuitwa mahali watu wanapochezea."

Kajuju akavua leso mabegani, akaikunja, akaiacha juu ya benchi la mbele.

Nyumbani walikuja wachache kula, na hao wachache walikula wakizungumza juu ya mvua. Mama Karwirwa aliwahudumia wote, akahakikisha kila mmoja ameongezewa, kwa maana aibu si sababu ya kumnyima mgeni chakula. Walipokwisha kuondoka aliosha sufuria za kuazima, akazipanga mlangoni, ndipo akaketi. Alisema kwamba hana kinyongo na samaki. Kama Kajuju angemwambia siku ile ya kwanza, angeona ni upuuzi, angesema hivyo, wangegombana, na yangeisha. Lakini alikuwa amesimama mbele ya watu akatangaza, akatangaza tena, na kila alipotoka kutangaza alimpigia simu binti yake kumsimulia jinsi watu walivyofurahi, naye binti akawa anaitikia. Sasa hajui kama anaionea aibu safari au anajionea aibu mwenyewe, mama ambaye mtoto wake humwogopa hata kwa jambo la furaha.

Kajuju akamwomba msamaha. Mama yake akasema amesikia. Kajuju akauliza, huku akijua kwamba hastahili kuuliza, kama basi atambariki, wakiwa wawili tu.

"Leo sikubariki," alisema Mama Karwirwa. "Baraka si chai, kwamba ikishamiminwa lazima mtu anywe. Nenda kazini kwako."

Kajuju akarudi Embu. Jamilah alimtazama usoni, akaacha utani wote, akampelekea supu chumbani. Mkoba ulikuwa umekwisha kufungwa nusu: miwani ya kuzamia, mapezi ya kuvaa miguuni, dawa ya kichefuchefu cha baharini. Siku mbili haukuongezwa kitu. Meneja wa boti aliandika akitaka athibitishe saa ya kupokewa uwanja wa ndege, na Kajuju hakumjibu. Haikuwa imani, alijiambia, kwa sababu yeye si mtu wa kuamini hayo. Ilikuwa ni kwamba alipojifikiria akishuka chini ya maji, kule ambako hakuna aliyekuwa akimwita, safari hii alisikia ukimya wa namna nyingine, ule wa mtu ambaye hana wa kumwita. Akaamua kwamba mpaka Jumatano saa sita, kama mama yake hajanena, atamwandikia meneja na kuivunja safari.

Jumatano asubuhi, akiwa kwenye veranda nje ya maabara, ambako wagonjwa hukaa wakisubiri majibu, simu ikalia. Mama yake hakumsalimu kwa urefu. Alisema ana maswali, na akayauliza kama mkaguzi wa shule. Wanashuka kina gani? Hewa inatosha muda gani? Ikiisha kabla ya wakati, mtu hufanya nini?

Kajuju akaeleza kwamba hakuna anayeshuka peke yake. Hata msafiri aliyekuja peke yake hupewa mwenzi, na kazi ya mwenzi huyo ni kutokuwa mbali. Mmoja akiishiwa na hewa, mwingine humpa ya kwake kwa mpira wa pili wa kupumulia, wakapanda pamoja.

"Huyo mwenzi unamjua?"

"Simjui, Mama. Tutajuana hapo botini."

Kajuju alisikia kuku kule Kinoru, na mlango ukifungwa.

"Kwa hiyo mtu usiyemjua utamwamini kwa pumzi yako," alisema mama yake, "na mimi hukuniamini kwa neno moja."

Kajuju aliegemea ukuta. Mgonjwa mmoja aliyekuwa karibu, mzee mwenye kofia ya sufu, aligeukia upande mwingine kwa adabu. Mama yake akaendelea kwa sauti ile ile kavu. Alisema kwamba amelala siku tatu akitafuta la kusema kwa Mungu, asilipate. Zipo sala za mahujaji na za wagonjwa, zipo za watoto wanaofanya mitihani, hata za ng'ombe anayekawia kuzaa. Ya mtu anayekwenda kutazama samaki hajawahi kuisikia, na hawezi kumwuliza Mchungaji kwa sasa.

"Niambie wewe," alisema. "Nimwombe Mungu nini?"

Kajuju alifumba macho. Alisema, kwa shida, kwamba mtu akishuka masikio humwuma, na yakikataa kufunguka hawezi kuendelea. Basi aombe masikio yafunguke. Alisema aombe mwenzi awe mtu makini, asiye na haraka. Akasema kwamba wakati mwingine kuna mkondo unaombeba mtu akatoka mahali alipoachwa na boti. Aombe usiwepo, au ukiwepo boti imwone.

Mama Karwirwa alirudia kila jambo kwa sauti, kama mtu anayetumwa sokoni. Halafu akaomba, kwa Kimeru. Mkondo hakuupatia jina, kwa kuwa lugha ya mlimani haikuuhitaji, akauita mto uliofichwa ndani ya maji mengine. Aliyaombea masikio, la kulia na la kushoto. Alimwombea mwenzi asiyejulikana, mama yake mwenzi huyo, na nyumba alimokulia. Mwishoni akasema mbele ya Mungu kwamba bado anaona aibu, kwamba hajui ataingiaje kanisani Jumapili, na kwamba hata hivyo mtoto huyu ni wake, na njia anaifungua.

Kajuju alikuwa akilia bila sauti. Veranda ilikuwa imejaa watu.

"Sikusikii," alisema mama yake. "Sema amina. Sema kwa sauti, hao wa hapo kazini wakusikie."

Wagonjwa walikuwa wakimtazama, na ndani ya maabara mwenzake mmoja alikuwa ameinua macho kutoka kwenye darubini. Kajuju akauhisi uso wake ukiwaka.

"Amina," alisema kwa sauti.

Mzee mwenye kofia ya sufu, ambaye hakujua ni kwa ajili ya nini, akaitikia naye.